Miliari 300: namba yenye kujificha ndani ya franka moja

Leo franka moja ya Kongo hainunui kitu kwenye soko kuu ya Kisangani. Lakini kwa hesabu, hiyo franka moja inabeba zaire za zamani 300 000 000 000, ni kusema miliari mia tatu. Mtu akihesabu moja kila sekunde, bila kulala, atamaliza kisha miaka zaidi ya 9 500.

Namba hiyo ilizaliwa kwa mara mbili. Mwezi wa Oktoba 1993, wakati wa serikali ya Faustin Birindwa, zaire mpya moja iliwekwa sawa na zaire za zamani 3 000 000. Tarehe 30 Juni 1998 franka ikarudi, moja kwa zaire mpya 100 000. Zidisha hizo mbili, utaipata.

Ile ya 1998 ilikuwa nyepesi: unakata sifuri tano, basi. Shida ilikuwa kwenye ile 3 ya mwaka wa 1993. Namba kama 10, 1 000 ao 1 000 000 zinajengwa na 2 na 5 tu, maana 10 ni 2 mara 5. 3 haimo ndani, na haitaingia hata uongeze sifuri ngapi.

Wazee wanakumbuka noti ya milioni tano. Ndiyo ile iliyoleta fujo Kinshasa mwezi wa Januari 1993: waaskari walilipwa nayo, wachuuzi wakaikataa, na watu wengi wakafa. Sasa gawanya milioni tano kwa milioni tatu. Inatoka zaire mpya 1 na makuta 66, na inabaki zaire za zamani 20 000. Noti ndogo kabisa ya feza mpya ilikuwa likuta moja, yenye bei ya zaire za zamani 30 000. Kwa hiyo ile 20 000 haikuwa na noti ya kuilipa. Lakini ukiweka noti tatu pamoja, milioni 15, unapata zaire mpya 5 kamili, hakuna kinachopotea.

Mwanafunzi anaweza kuona hiyo bila mashini: jumlisha tarakimu. 15 000 000 inatoa 1 na 5, ni 6, na 6 inagawanyika kwa 3. 5 000 000 inatoa 5, haigawanyiki.

Miliari 300 yenyewe ni 3 mara 2 kumi na moja mara 5 kumi na moja, zote zikizidishana. Namba 288 zinaigawanya bila kubakisha kitu. Ila 7 haiwezi, wala 9, kwani 3 iko moja tu. Kwa noti za milioni tano, ingeomba noti 60 000, ao mafungu 600 ya noti mia mia, kwa kufikisha franka moja.

Kasai zote mbili zilikataa zaire mpya, zikaendelea na ile ya zamani. Na kabla ya zaire kulikuwa franka ingine: mwaka wa 1967, 1 000 zake zilifanya zaire moja. Kutoka franka ile mpaka franka hii, unaongeza tena sifuri tatu: miliari 300 000.