Fimbo ya Mbali: Mapenzi na Msiba katika Hadithi Fupi za Australia ya Kikoloni

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Tusomapo hadithi fupi zilizoandikwa Australia katika miaka ya mwisho ya ukoloni, twaona kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yake. Humo ndoa zimo na mapenzi yamo, lakini mwenye fimbo yu mbali. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba msiba wa hadithi hizo hautokani na kukosekana kwa mapenzi, bali na mapenzi yasiyokuwapo pale yanapohitajiwa.

Waingereza walianzisha koloni lao la kwanza huko Sydney mwaka 1788, wakiwa na wafungwa waliohukumiwa kuhamishwa kwao. Hadi uhamisho huo ulipokoma mwaka 1868, wafungwa wapatao 160,000 walikuwa wamepelekwa, wengi wao wanaume. Walowezi waliipora ardhi ya wenyeji wakaijaza kondoo. Kazi ya kondoo nayo ilimtoa mume nyumbani kwa miezi mingi, akaswage mifugo au akate manyoya. Mke akabaki kibandani na watoto. Gazeti la The Bulletin, lililoanzishwa Sydney mwaka 1880, ndilo lililowapa nafasi waandishi wa kuyasimulia maisha hayo.

Mashuhuri miongoni mwao ni Henry Lawson (1867-1922). Katika hadithi yake "The Drover's Wife", iliyotoka mwaka 1892, nyoka anaingia chini ya sakafu ya kibanda. Mama anakesha na rungu, mbwa na watoto wanne, huku mumewe hajaleta habari kwa miezi sita. Nyumba ya karibu iko umbali wa maili 19. Hapana kitendo kikubwa kinachotendeka usiku ule. Yanayotujia ni makumbusho yake: moto wa nyikani, mafuriko, na mtoto aliyefariki mumewe akiwa safarini. Kulipokucha nyoka anauawa, na mtoto mkubwa wa kiume anaahidi kwamba yeye hatakwenda kuswaga mifugo kamwe. Mwandishi hakusema kuwa mume ni mbaya, na hapo ndipo ulipo uchungu wa hadithi.

Mwaka 1901 Lawson alitoa kitabu juu ya Joe Wilson. Humo uchumba wa Joe na Mary unasimuliwa kwa utamu na ucheshi. Baadaye wawili hao wanahamia mahali pa upweke, na Mary anakutana na jirani, Bi Spicer, aliyechakaa kwa kazi na ukiwa. Bi Spicer anapofariki, msomaji anatambua kwamba Mary alikuwa akiiona kesho yake mwenyewe. Mapenzi na msiba ni njia moja. Kinachotofautiana ni hatua.

Barbara Baynton (1857-1929) alikwenda mbali zaidi. Katika "The Chosen Vessel", mke wa mkata manyoya anavamiwa usiku na mzururaji. Anasikia kishindo cha farasi, anatoka mbio na mtoto kifuani akiomba msaada. Mpanda farasi, aliyekuwa akienda kupiga kura, anadhani ameona maono ya Bikira Maria, anapita kwa ibada, na mwanamke anauawa. The Bulletin ilipoichapa mwaka 1896, ilikiondoa kisa cha mpanda farasi. Kilirudi katika kitabu chake cha mwaka 1902. Tofauti si ndogo. Bila mpanda farasi tuna jinai ya mtu mmoja. Pamoja naye tuna jamii nzima inayomsujudia mama wa pichani, na kumwacha mama wa njiani afe.

Hata hivyo, hapana budi tuulize ni nani hakupewa sauti. Katika hadithi ya Lawson wenyeji wa asili ni watatu, wakiwamo mwanamke anayekuja kumsaidia mama wakati wa uzazi, na mwanamume anayemdanganya kwa lundo la kuni lililo tupu ndani. Mapenzi yao na misiba yao haisimuliwi, ingawa nchi ilikuwa yao. Mwaka 2016 Leah Purcell, msanii wa asili hiyo, aliigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo wa kuigiza, akampa mke wa mswaga mifugo damu ya wenyeji.

Twawashauri walimu wenzetu wazisome hadithi hizi pamoja na wanafunzi kwa maswali mawili: nani yu mbali, na nani ameachwa nje ya hadithi? Swali la kwanza Lawson na Baynton walilijibu kwa ustadi. La pili lilingoja zaidi ya miaka mia moja, na yule mwanamke aliyekuja kumzalisha mwenziwe bado anastahili hadithi yake.