Kiharusi: kwa nini mgonjwa anasahau upande wa kushoto

Bugali ya upande wa kulia imekwisha. Sombe ya kushoto haijaguswa, na mgonjwa anauliza kwa nini hawakumpa mboga. Jamaa wanafikiri ni kiburi, ama macho imeharibika, ama mtu amemroga. Sivyo.

Kiharusi, ile ambayo kwenye lopitali wanaita AVC, kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mara nyingi mgonjwa anaacha kuhesabu vitu vya kushoto. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Ananyoa ndevu nusu ya uso, anagonga bega kwenye mlango. Mwenyewe hajui kama kuna kitu kinakosekana, kwa hiyo kumgombeza ni bure.

Mwaka 1978, Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa Milano, Italia, wawaze kiwanja cha mbele ya kanisa kuu. Walitaja zaidi majumba ya kulia. Wakaambiwa wawaze wamesimama ngʼambo ya pili: wakataja yale waliyoyaacha kwanza! Hapo hakuna jicho lililotazama kitu.

Wengi wanapata nafuu katika miezi 3 ya kwanza. Karibu theluthi wanabaki nayo mwaka na zaidi. Na nafuu inadanganya. Mbele ya munganga, mahali pa kimya, mtu anaona kila kitu. Sokoni, kelele na watu wakizidi, kushoto kunapotea tena. Huku Kongo magari yanapita kulia, maana yake anayevuka barabara, gari la kwanza linamtokea kushoto. Likasi inapitiwa na malori ya madini kutoka Kolwezi. Asivuke peke yake.

Nyumbani, kitambaa chekundu kinawekwa kwenye ukingo wa kushoto wa meza, na mgonjwa anazoezwa kugeuza kichwa mpaka akione, kila siku, kabla ya kula ama kusoma. Kutikisa mkono wa kushoto, hata kidogo, kunasaidia pia. Kuna na miwani inayosogeza picha kulia, iliyojaribiwa Ufaransa na Rossetti na wenzake mwaka 1998. Baada ya kuivua, mkono unaelekea kushoto. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote.

Mkono huo wa kushoto uangaliwe karibu na mbabula: unaweza kuungua mwenyewe asijue. Na dawa ya tansiyo isikatwe kwa sababu mtu anatembea tena.