Si Alilala? Stori ya Simba wa Kima na Mjengo Wetu wa Wote

Wasee, ukipanda mat kutoka Emali kwenda Nairobi, unapita Kima bila hata kutoa macho kwa simu. Mimi pia nimepita hapo hivyo mara nyingi. Lakini hapo Makueni kuna stori ya kazi ambayo tunaisimulia vibaya.

Juni 1900, simba alikuwa anaua watu kwa stesheni ya Kima. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akaja kumwinda na wenzake wawili. Behewa lao likaegeshwa pale stesheni, wakakubaliana kukesha kwa zamu. Zamu ya Ryall, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango, akatoka naye kupitia dirisha. Behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli, Nairobi, mpaka leo.

Watu husema, "Si alilala?" Sawa, alilala. Lakini cheki huo mpango: maisha ya watu watatu yalitegemea macho ya mtu mmoja aliyechoka, usiku. Na kila binadamu husinzia.

Sasa rudi nyuma mpaka 1898, ushuke na reli hadi Tsavo, mbele ya Mtito Andei. Simba wawili walikuwa wanatoa wafanyakazi kwa mahema usiku, wengi wao Wahindi walioletwa kujenga reli. Tunamkumbuka Patterson, mhandisi aliyewapiga simba hao risasi Desemba hiyo. Filamu zimetengenezwa.

Lakini kabla simba hata mmoja hajauawa, wafanyakazi walikuwa wamechoka. Patterson mwenyewe aliandika kwamba walijilaza kwa reli mbele ya treni. Ikasimama, wakarusha mizigo yao ndani, wakaenda zao. Kwa wiki kama tatu ujenzi ukalala, na kazi ikawa ni kuwajengea waliobaki vibanda ambavyo simba hawezi kuingia.

Soma hapo tena. Watu walikuwa wameliwa miezi mingi, lakini vibanda vilikuja baada ya watu kukataa kazi. Na simba walikuwa sehemu ndogo tu: reli hiyo iliua karibu Wahindi 2,500 kati ya kama 32,000 walioletwa, wengi kwa magonjwa.

Nilipoacha chuo nilibeba zege kwa mjengo fulani Wote. Kulikuwa na ubao wa jukwaa uliokuwa unacheza. Sote tuliujua. Hakuna aliyesema, juu getini kila asubuhi kulikuwa na vijana wanangoja nafasi zetu. Siku moja jamaa akaanguka, akavunjika mguu. Msimamizi akasema, "Hakuwa makini." Ni ile ile "si alilala?" Kesho yake mwingine akapanda ubao ule ule.

Baadaye ndio nilijua sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inasema ukiondoka mahali penye hatari kubwa ya papo hapo, ukiwa na sababu ya maana, hufai kufutwa kwa hilo. Na penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Kwetu tulikuwa zaidi ya 20. Kamati sikuwahi kuiona.

Kama kazini kwenu kuna ubao unacheza, ongea na wenzako kwanza, halafu mwende pamoja. Wale wa Tsavo hawakulala kwa reli mmoja mmoja.