Mlinzi Aliyezuia Barua

Nilianza ufundi wa kompyuta Dar es Salaam miaka ile ambayo nyumba yenye kompyuta ilijulikana mtaa mzima. Nilichoitiwa mara nyingi si mashine kugoma kuwaka, bali neno hili: "Fundi, mtandao upo, ila barua pepe haziingii." Kabla sijafika, lawama ilikuwa imeshagawanywa. Alilaumiwa mtoa huduma, ikalaumiwa laini ya simu, akalaumiwa kijana wa nyumbani aliyekaa kwenye kompyuta jana yake. Kumbe kizuizi kilikuwa humo humo ndani: programu ya ulinzi ambayo wenye nyumba waliiweka wenyewe ili iwakinge. Historia ya programu hizi husimuliwa kwa habari za wavamizi na virusi. Waliokosa barua zao hawatajwi, nami nilikuwa nao mezani.

Barua na ulinzi vimefungamana tangu zamani. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia mnyoo, programu inayojisambaza yenyewe, uliolemaza maelfu ya kompyuta. Moja ya njia zake ilikuwa sendmail, programu ya kupokea na kusambaza barua. Miaka iliyofuata, vyuo na kampuni vilianza kujizungushia fayawoli, programu za kuchuja kinachopita kwenye mtandao, na kufikia 1994 Check Point ya Israeli ilikuwa ikiuza FireWall-1. Hizo zilikuwa za ofisi. Nyuma ya kila moja alikuwepo mtu anayelipwa mshahara kuamua kipi kipite na kipi kizuiwe.

Nyumbani mtu huyo hakuwepo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitoka fayawoli za kompyuta moja moja: BlackICE Defender, kisha ZoneAlarm ya Zone Labs, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuipata bure. Mei 2000 kikaja kirusi cha ILOVEYOU kutoka Ufilipino, kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi. Ukikifungua, kinajituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook, programu ya barua ya Microsoft. Baada ya hapo kila mwenye kompyuta alitaka mlinzi.

Mlinzi huyo alikuwa na tabia ya kuuliza. Kila programu iliyotaka kutoka kwenda kwenye mtandao ilisimamishwa, na kidirisha kikatokea pembeni ya skrini: niiruhusu au niikatalie? Chini yake palikuwa na kisanduku cha kutia alama, ili jibu lako likumbukwe siku zote. Yote kwa Kiingereza. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na nilifurahi sana. Lakini fayawoli hazikuguswa. Mtu angeweza sasa kuandika barua kwa menyu za Kiswahili, ila swali la kama barua hiyo itoke au isitoke aliulizwa kwa lugha nyingine.

Namkumbuka mzee mmoja wa Upanga, mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe alikuwa akisoma Uingereza. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia na kunionyesha Outlook Express, programu yake ya barua, iliyokuwa ikitoa kosa lile lile kila ilipojaribu kuchukua barua. Nikafungua orodha ya fayawoli. Mbele ya msimn.exe palikuwa na alama ya kukataliwa daima. Nikamuuliza kama anakumbuka kuulizwa. Alikumbuka vizuri: "Nimesoma gazetini, usichokijua usikiruhusu. Hilo jina silijui, nikakataa." Msimn.exe ndilo jina la faili la Outlook Express yenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya programu ile ya barua asingelikuta jina hilo. Alijibu kwa busara kabisa, na kwa busara hiyo akakaa wiki kadhaa bila habari za mwanawe. Mpaka leo sikubali mtu akiniambia wateja wa namna ile hawakujua kutumia kompyuta. Walipewa kazi ya ofisa usalama bila mafunzo wala lugha ya kazi.

Fayawoli ilikuwa nusu tu ya habari. Programu nyingi za wakati huo ziliuzwa zikiwa zimeunganishwa na antivairasi, na antivairasi ilitaka kuikagua barua kabla hujaiona. Ilijipenyeza kati ya Outlook Express na seva. Matoleo ya Norton AntiVirus ya miaka hiyo yalifika hadi kubadilisha jina la seva kwenye mipangilio na kuandika pop3.norton.antivirus. Ukiifuta programu vibaya, jina hilo lilibaki, na Outlook Express ikaendelea kubisha hodi kwa seva isiyokuwepo.

Kwenye laini za haraka za Ulaya na Marekani ukaguzi huo haukusikika. Kwetu ulisikika. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikifanya kazi kwa ukamilifu, ambao sikuwahi kuuona, inahitaji dakika zaidi ya sita kuleta picha za megabaiti mbili, maana kiambatisho kinapotumwa kwa barua huvimba kwa theluthi. Mkaguzi aliikusanya barua yote kwanza, ndipo aipitishe. Outlook Express, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilivumilia kimya cha dakika moja tu. Ikipita, inatangaza kwamba seva haijibu. Kibaya zaidi ni kanuni ya POP3, njia ya kuchukulia barua inayotumia mlango namba 110: ulichofuta hakifutwi kwenye seva mpaka programu iage rasmi. Laini ikikatika kabla ya kuaga, seva huhesabu kwamba hakuna kilichofutwa. Kwa hiyo kesho yake barua zilizokwisha kushuka zinashuka tena, ile kubwa inakwama pale pale, na dakika za simu zinalipiwa upya. Nimeona masanduku yenye barua moja mara nane, tisa, na mwenye nyumba akiamini anaoneshwa dharau na aliyemtumia.

Baadaye watengenezaji waliweka chaguo la kuzuia muda usiishe. Lilikuwa limefichwa ndani ya menyu ya tatu.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Julai 2008, nacho ni cha dunia nzima. Dan Kaminsky, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alikuwa amegundua kasoro kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina ya seva kuwa namba. Kampuni kubwa za kompyuta zilifanya kazi kwa siri kwa miezi, na tarehe 8 Julai zikatoa kwa pamoja viraka vya kuiziba. Kiraka cha Microsoft, KB951748, kilibadilisha jinsi Windows inavyouliza majina hayo, na ZoneAlarm haikuyatambua mabadiliko. Watu waliosasisha Windows XP kama walivyofundishwa waliamka hawana barua wala tovuti. Ushauri uliotolewa ulikuwa ama ushushe ulinzi kutoka kiwango cha juu hadi cha kati, ama uondoe kiraka, ama upakue toleo jipya. Na ushauri wenyewe ulikuwa mtandaoni, mahali ambapo waliouhitaji hawakuweza kufika. Kwetu hata kupakua toleo jipya kulikuwa kazi: SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilifika Dar es Salaam mwaka mmoja baadaye. Kabla ya hapo mafundi tulibebeana programu kwenye flashi.

Fayawoli ambayo Windows XP ilianza kuiwasha yenyewe kuanzia Agosti 2004 haikuleta shida hizi. Ilizuia vinavyoingia bila kuitwa, na barua unayoifuata wewe mwenyewe iliiacha ipite. Naiona ndiyo kazi bora kuliko nyingine zote za kipindi kile, ingawa magazeti ya kompyuta yaliidharau kwa kutokagua vinavyotoka.

Siku hizi wengi wanasoma barua kwenye simu au kivinjari. Wanaobaki na programu ya barua kama Thunderbird wanakutana na sura mpya ya jambo lile lile: barua sasa husafiri kwa usimbaji, kwa milango 993 na 995, na antivairasi inayotaka kuikagua inalazimika kuweka cheti chake cha utambulisho badala ya cha seva. Thunderbird ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini; isipokikuta hicho, inakataa kuunganisha. Hapo mimi huzima ukaguzi wa barua peke yake na kuuacha ule wa mafaili, kwa kuwa kiambatisho chenye virusi kitashikwa kikihifadhiwa au kikifunguliwa. Kisha namwandikia mwenye kompyuta karatasi ya Kiswahili: kidirisha gani kinasema nini, na jina la faili la kila programu anayoitumia.