HABARI ZA BARABARA NA MITARO YA MITAA YETU TANGU MJI KUANZA

Katika mikutano ya chama hakuna jambo linaloulizwa mara nyingi kuliko hili la barabara na mitaro. Mwanachama husimama akasema, "Mtaro umeziba, maji yanaingia nyumbani, tumwendee nani?" Kwa kuwa jibu la swali hilo limebadilika mara nyingi, tumeona yafaa kuandika katika taarifa hii habari za barabara za upande wa mashariki wa Nairobi, ili wazee wakumbuke na vijana wajue.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mji ukaanza kandokando ya stesheni, mahali pa tambarare penye majimaji. Tangu mwanzo ardhi yenyewe iliwagawa watu. Upande wa magharibi kuna vilima vyenye udongo mwekundu, ambao maji hupita upesi. Huko walijenga Wazungu. Upande wa mashariki ni udongo mweusi, ambao ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka. Barabara iliyowekwa juu ya udongo huo bila msingi imara na bila mtaro wa kuondoa maji haidumu, hata ikipakwa lami nzuri namna gani. Basi msomaji akiona shimo mbele ya mlango wake, ajue kwamba mara nyingi maji ndiyo yaliyotangulia na magari yakafuata.

Mwaka 1902 tauni iliingia mjini, na maduka ya Wahindi yakachomwa moto. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji, akashauri kila taifa likae mahali pake mbali na mengine. Ushauri huo ulitolewa kwa jina la usafi, lakini haukuleta usafi sawasawa kwa wote. Waafrika walikuwa wakikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe, kama vile Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilipimwa iwe mahali pa Waafrika, na vijiji vingi katika hivyo vikavunjwa. Pangani ilibaki hata mwaka 1939, ndipo nayo ikabomolewa. Wengi wa watu wake walihamia Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Baraza la Munisipali.

Twaomba wasomaji wautafakari mfano huo wa Pangani. Watu wale walikuwa wamejenga nyumba kwa fedha zao, wakazaa na kuzika hapo. Lakini nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Siku serikali ilipoihitaji ardhi, hawakuwa na hati ya kuizuia. Jambo hilo halikwisha pamoja na ukoloni, nasi tutalirudia hapa chini.

Wengine husema kwamba watu wa Pumwani walikaa bure, ndiyo maana hawakupata barabara njema. Maneno hayo si ya kweli. Wenye nyumba walilipa kodi ya viwanja kwa Munisipali. Tena pombe iliuzwa na Munisipali peke yake katika kilabu chake, na faida iliwekwa katika mfuko wa mambo ya Waafrika. Waliotoa walikuwa wengi. Waliokata shauri la matumizi walikuwa wengine. Katika baraza walikaa Wazungu na Wahindi, na ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo Waafrika wakaanza kuteuliwa kuingia. Mtu asiye na kiti barazani, mtaro wake huchimbwa mwisho.

Hata barabara zilizotengenezwa mashariki zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kazi, yaani kumfikisha mfanyakazi kwenye viwanda, reli na maduka asubuhi na kumrudisha jioni. Mabasi yalianza mjini mwaka 1934, lakini wengi waliendelea kwenda kwa miguu kwa kukosa nauli. Na tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, njia hizo hizo zilizibwa na askari alfajiri, na maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Wazee wetu walijifunza kwamba barabara yaweza kumletea mtu riziki, nayo yaweza kumletea lori la kumchukua.

Mji ulipewa hati ya kuwa Jiji mwaka 1950. Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia akawa Meya wa kwanza Mwafrika, na baada ya Uhuru barabara ya Doonholm ikaitwa Jogoo. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini watu nao waliongezeka kuliko mitaro. Hesabu ya mwaka 1969 ilipata watu 509,286 katika Nairobi. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073. Mtaa uliopimwa kwa ajili ya jamaa chache sasa una nyumba za ghorofa, na maji machafu ya wote hushukia katika bomba lile lile la zamani.

Wakati huo mwenye kuulizwa alikuwa akibadilika. Mwaka 1983 serikali ililiondoa Baraza la Jiji, na tume ikatawala mji hata uchaguzi wa 1992. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilianzisha mamlaka tatu: moja kwa barabara kuu za nchi, moja kwa za mijini, na moja kwa za vijijini. Katiba ya 2010 iliweka barabara za kaunti na taa za njiani mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Mwaka 2020 kazi kadhaa za kaunti ya Nairobi zilikabidhiwa idara ya serikali kuu, kisha zikarudishwa mwaka 2022. Si ajabu, basi, kwamba mwanachama hupeleka barua ofisi hii akaambiwa aende ile, na ile ikamrudisha alikotoka.

Katika miaka hiyo hiyo barabara kubwa zimejengwa. Ile ya Thika ilimalizika mwaka 2012, na ile ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022 kwa kulipiwa. Hatuzilaumu. Lakini mama anayebeba mtoto akivuka matope kwenda zahanati hapiti juu, hupita uchochoroni. Mvua za mwaka 2024 zilionyesha wazi tofauti hiyo. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini, Mathare ilifurika, na baadaye nyumba za kandokando ya mito zikabomolewa. Waliokuwa wamepoteza vyombo kwa maji walipoteza na kuta kwa tingatinga. Hapo tuliikumbuka Pangani.

Kutokana na habari hizi twatoa mashauri manne. Kwanza, kila mwenye nyumba na kila mwenye kibanda ajue mpaka wa barabara ulipo kabla ya kujenga, kwa maana anayejenga juu ya mtaro huwafurikisha jirani zake, na siku ya upanuzi huwa hana dai. Pili, tuache kutupa takataka mitaroni kisha tukawalaumu wakubwa peke yao. Tatu, kila lalamiko liandikwe, liwe na tarehe, na nakala ihifadhiwe na katibu. Neno la mdomo hufa pamoja na afisa anayehamishwa. Nne, tuitumie haki tuliyo nayo, ambayo wazee wa Pumwani hawakuwa nayo: Katiba yampa kila mtu ruhusa ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, na bunge la kaunti lapaswa kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Mkutano wa makadirio ya fedha ukiitishwa, twende. Viti vikiwa vitupu, fedha zitakwenda kwa waliokuja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtaa wetu umejenga kuta nyingi kwa sababu ya nyufa zilizoachwa, nyingine na watawala, nyingine na sisi wenyewe. Chama hakina tingatinga wala lami. Kina daftari, kalamu na wanachama. Twawaomba mwaka ujao mje mkutanoni na habari za mtaro mmoja mmoja, ulipo, umeziba tangu lini, na nani aliyeandikiwa, ili atakayeandika taarifa baada yetu awe na jambo jema la kuongeza.