Shule ya Upili ya Mang'u: Miaka 100 ya Malezi

Shule ya Upili ya Mang'u, iliyo karibu na mji wa Thika katika Kaunti ya Kiambu, ni shule ya bweni ya wavulana iliyoasisiwa mwaka 1925 na wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Katika karne hiyo imehama mara mbili, imebadili jina, na imetoka mikononi mwa mapadre ikaingia mikononi mwa serikali. Kilichodumu ni namna yake ya kulea: ratiba isiyobembeleza, sala na maisha ya pamoja bwenini.

Wamisionari hao hawakuwa wageni Afrika Mashariki. Waliingia Zanzibar katika miaka ya 1860, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1899 wakajenga misheni ya Mtakatifu Austin kandokando ya Nairobi. Misheni ya Mang'u, katika nyanda za juu za Kiambu, ilifuata mwaka 1906. Shule za misheni za wakati huo zilifundisha katekisimu, kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mvulana wa Kiafrika aliyetaka kwenda mbele zaidi hakuwa na pa kwenda.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1924, Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozuru Kenya, ikiwa na msomi James Aggrey kutoka Gold Coast. Serikali ya kikoloni ikazidi kuzitilia maanani shule za misheni na kuziongezea ruzuku. Makanisa ya Kiprotestanti yaliungana na kufungua Alliance High School huko Kikuyu mwaka 1926. Upande wa Wakatoliki, Padre Michael Witte alikuwa amekwisha kuianzisha shule hii mwaka mmoja kabla, huko Kabaa, Ukambani. Miaka michache baadaye alipata nguvu kutoka juu: mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwahimiza wamisionari waliokutana Dar es Salaam waziweke shule mbele hata ya ujenzi wa makanisa, kama hawakuweza kuyafanya yote mawili. Ushauri huo ulikuwa na uzito mkubwa. Bila kanisa kukubali kutumia padre msomi kama mwalimu wa hesabu, shule kama Kabaa isingefika mbali.

Kabaa ilikuwa nchi kavu yenye jua kali, na Witte anakumbukwa kwa ukali uliolingana na mahali hapo. Wavulana walitoka pembe mbalimbali za nchi, Wakamba, Wakikuyu, Waluo na Waluhya, wakalala chumba kimoja na kula chungu kimoja katika enzi ambayo utawala wa kikoloni uliwagawa watu kwa wilaya na makabila. Hilo pekee lilikuwa somo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Karibu na mwaka 1940 masomo ya juu yalihamishiwa misheni ya Mang'u, na shule ikajulikana kama Holy Ghost College. Kabaa haikufungwa: hadi leo ina shule yake ya upili ya wavulana, nayo huuhesabu mwaka 1925 kuwa wake. Zama za Mang'u ya vilimani ndizo zilizoijengea shule jina. Lengo la kila mwanafunzi lilikuwa cheti cha Cambridge, na baada yake Chuo cha Makerere, Uganda. Mwai Kibaki, mtoto wa wakulima wa Othaya, aliingia mwaka 1947, akamaliza mwaka 1950 na kwenda Makerere. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa rais wa tatu wa Kenya, na elimu ya msingi bila malipo ikaanza mwaka uliofuata.

Habari za mwanasiasa Tom Mboya zinaonyesha upande mwingine. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi, na alisoma Mang'u mwaka 1946 na 1947. Karo ilipokosekana, aliondoka na kujiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1959 ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani kwa ndege. Ni haki kuona uhusiano kati ya mvulana aliyekatiziwa masomo na kiongozi aliyewatafutia wengine nafasi. Miongoni mwa wengine waliopita shuleni hapo ni Maurice Otunga, kardinali wa kwanza wa Kenya, na George Saitoti, mwanahisabati aliyekuja kuwa makamu wa rais.

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, na kanisa likabaki kuwa mfadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule ilihamia eneo lake la sasa karibu na Thika. Ilihesabiwa miongoni mwa shule za kitaifa, zile zinazochukua wanafunzi kutoka nchi nzima, kwa hiyo mchanganyiko wa Kabaa ukaendelea kwa mlango mwingine.

Maisha ya ndani hufuata kengele. Siku huanza kabla ya mapambazuko na huisha kwa prepu, kama wanafunzi wanavyoyaita masomo ya usiku. Katikati kuna vipindi, gwaride, usafi wa bweni na foleni ya bwaloni, ambako githeri na ugali kwa sukuma wiki havikosekani. Mwanafunzi mpya huitwa "mono", na wiki zake za kwanza si rahisi: hujifunza kutandika kitanda, kufua sare na kutunza sanduku lake mwenyewe. Viranja hubeba sehemu kubwa ya usimamizi. Jumapili ni siku ya Misa, na kwaya ya wavulana watupu ina sauti nzito ya kipekee. Alasiri ni za michezo, na wito wa shule, "Jishinde Ushinde", huhusu uwanja kama unavyohusu darasa.

Kinachoitofautisha Mang'u zaidi ni karakana ya ndege. Ni miongoni mwa shule chache mno za Kenya zinazofundisha teknolojia ya ndege kama somo la mtihani wa kitaifa. Wavulana hujifunza kanuni za kuruka, muundo wa bawa na utendaji wa injini.

Tangu Januari 2026, mtaala wa umilisi umezifikia shule za upili, na Gredi ya 10 imechukua nafasi ya kidato cha kwanza, ikiwa na mikondo ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Somo la ndege linastahili kulindwa katika mabadiliko hayo, na wizara, kanisa na wanafunzi wa zamani wanapaswa kuhakikisha kwamba walimu na vifaa vyake havipungui.