Zabibu za Jabal Akhdar

Kwa Kiswahili, zabibu ni tunda lililo mtini na ni tunda hilo hilo likishakaushwa. Kiarabu, ambako neno hilo limetoka, hutenganisha: tunda bichi ni inab, na zabib ni lile lililonyauka juani. Tofauti hii ndogo ina historia ndani yake. Inaelekea kuwa tunda liliwafikia watu wa pwani ya Afrika Mashariki zaidi likiwa kavu, ndani ya magunia ya majahazi, na jina la kilicho kavu likaenea hadi kwa kibichi. Jina la kinywaji chake halikuja kwa njia hiyo. Mvinyo ni neno la Wareno, na divai ni la Wafaransa. Waarabu wa Oman, waliowapa Waswahili maneno mengi ya mezani, hawakuwapa hili.

Lakini mizabibu Oman walikuwa nayo. Juu ya Nizwa, katika uwanda wa Saiq ulio karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, majira ya baridi huleta jalidi, na maji ya falaj hushuka kutoka ngazi moja ya shamba hadi nyingine. Huko huota mikomamanga, milozi, mijozi na mawaridi, matunda ambayo mkulima wa mitende wa Ibra huyaona sokoni tu. Na ndiko alikofika Luteni James Raymond Wellsted, ofisa wa jeshi la wanamaji la India, katika safari yake ya mwaka 1835 na 1836.

Wellsted alisafiri kwa idhini ya Sayyid Said bin Sultan, ambaye wakati huo moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea Unguja. Alipitia Sur, akaingia Ja'alan kwa Bani Bu Ali, watu ambao Waingereza walikuwa wamewapiga vita mwaka 1821, kisha Ibra, Samad na Nizwa, ndipo akapanda mlima. Wenyeji wa juu walikuwa Bani Riyam. Aliandika kwamba walikamua zabibu zao, wakatengeneza mvinyo na kuunywa bila kificho, na kwamba walijitetea kwa baridi ya mlima.

Basi, ushahidi huu una uzito gani? Ni wa mgeni aliyekaa siku chache, na ambaye hakuwapenda wenyeji wake. Kitabu chake, chenye majuzuu mawili, kilitoka London mwaka 1838, baada ya homa kumpagawisha huko Muscat mwaka 1837 hadi akajipiga risasi mdomoni, akanusurika. Msomaji ana haki ya kusita. Hata hivyo kuna jambo moja linalomtetea Wellsted, nalo ni kile kisingizio cha baridi. Asiyejua kuwa kitu ni haramu hahitaji udhuru. Maneno aliyoyanukuu msafiri ni ya watu walioijua sheria vizuri na wakawa wamezoea kuulizwa juu yake, pengine na jirani zao wa Nizwa kabla ya Mwingereza yeyote kufika. Kisingizio cha namna hiyo ni vigumu kwa mgeni kukibuni.

Kijiji kimojawapo, ambacho leo huandikwa Shuraija, yeye alikiandika Shirazi. Msomaji wa Unguja au Lamu atatabasamu, maana pwani nayo ina Washirazi wake, na Shiraz ya Uajemi ilisifika kwa mvinyo. Lakini ufanano wa majina si nasaba, na sikio la Wellsted lilikuwa la Kiingereza.

Vyombo haviwezi kusaidia sana. Maji ya zabibu hayahitaji kutiwa hamira. Yakiachwa mtungini huchacha yenyewe, na yakiachwa zaidi hugeuka siki. Mtungi wa haramu na mtungi wa halali huweza kuwa mtungi mmoja, tofauti yake ni majuma tu. Mwanahistoria anayetafuta vigae vya ushahidi chini ya mlima, hata Bahla kwenye wafinyanzi mashuhuri, atapata vigae visivyosema kitu.

Kinachosema zaidi ni mwaka 1913. Huko Tanuf, chini ya mlima huo huo, wanavyuoni walimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu. Sheikh wa Bani Riyam, Himyar bin Nasir, aliwaunga mkono, na Isa bin Salih al-Harthi wa Sharqiyah, ambaye jamaa zake wengi walikuwa Unguja, akajiunga nao. Miongoni mwa malalamiko yao dhidi ya Muscat ni kuingizwa kwa ulevi na tumbaku bandarini chini ya kivuli cha Waingereza. Kabila lililosemwa na Wellsted sasa lilisimama upande wa pili. Kuuita huo unafiki ni kusoma kwa haraka. Vizazi vilikuwa vimepita, na chupa iliyoshushwa kutoka melini ilikuwa na maana yake mbali na ladha: ilionyesha nani anatawala forodha.

Pwani, wakati huo, ilikuwa na kileo chake cha nyumbani, na lugha iliyokipima: tembo tamu la asubuhi, tembo kali lililolala, na mgema aliyeonywa katika methali asije akalitia maji kwa kusifiwa. Msamiati wa namna hiyo hujengwa na watu wanaoonja kila siku. Kwa mvinyo wa zabibu Kiswahili hakikuujenga, na kama Bani Riyam walikuwa na wao, ulibaki mlimani.

Leo katika uwanda wa Saiq zipo hoteli zenye leseni, na wageni hufungua chupa za Ufaransa wakitazama ngazi za mashamba upande wa pili wa korongo. Mizabibu ingalipo kwenye ngazi hizo. Matunda yake huiva kiangazi, mengine yakaliwa na wenye mashamba, mengine yakateremshwa Nizwa kuuzwa.